Amin Yangu Haikuwa ya Ufamasia

Ijumaa, baada ya swala, katikati ya Septemba.
Ni mwaka wa tatu sasa tangu niondoke nyumbani.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama, na asalamu aleikum. Naanza kwa kukuulizia hali, kwani hilo haliachwi hata mtu awe na hasira kiasi gani, na leo ninazo. Je, magoti yamekuruhusu kupanda ngazi, au bado unalala chumba cha chini? Presha imetulia? Yale mafuta ya habasoda niliyompa mtu akuletee yamefika, au yamepakwa na mwenye kuyabeba? Mimi huku Ghuba ni mzima, alhamdulillahi. Mzima wa kuamka na kwenda kazini. Zaidi ya hapo usiniulize.

Kabla sijaenda mbali. Mwanaisha dadangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Nakuomba usome neno kwa neno. Ukifika mahali pakali usijifanye kukohoa ukaparuka. Na Kaka Athmani akisema, "Lete niisome mimi," mwambie mwenye barua amekataa. Kaka akisoma barua ya mtu, ikifika mwisho imeshakuwa yake.

Nimeiandika kwa mkono na kumpa Omari, mwenzangu wa chumba, anayerudi Jumapili likizo kwao Kibokoni, hapo hapo Mombasa, kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga, Mama, tunasalimiana vizuri, tunaulizana tumekula nini, na nikilitaja tu jina la Salma unaniambia, "Ngoja mwanangu, nikupe nduguyo, yeye ndiye ajuaye mambo hayo." Karatasi huwezi kumpa Kaka nikiwa katikati ya kusema.

Basi sikiliza yaliyonipata. Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa kwenye mapumziko, nimekaa nje ya bohari. Sisi tunaofanya kazi ndani ya baridi tukipumzika hulikimbilia jua lile lile ambalo wenzetu wa ujenzi wanalikimbia. Mle ndani tunapakua kuku na samaki wa barafu, makasha juu ya makasha, na ingawa navaa glavu mbili mbili, vidole vyangu siku hizi vinashindwa na vifungo vya shati. Nilikuwa navikanda vidole simu ikalia. Nikaona ni Salma, kutoka chuoni Nairobi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mamangu. Umekula?"

Nikasikia anavuta pumzi kama mtu aliyekuwa akilia akajifuta.

"Baba, naomba uniregeshee radhi zako."

Mama, nilisimama. Nikamwuliza, nikuregeshee vipi, kwani nilizichukua lini? Akasema, "Ami amesema umeziondoa. Amesema nikiacha ufamasia hutaniita mwanao tena. Amesema uliahidi mbele ya wazee, siku ya Fatiha."

Huyo ami ni Kaka Athmani, na mtoto aliyekuwa akilia ni yule yule uliyemlea wewe tangu mamake alipofariki, ambaye hajawahi kukujibu neno baya. Nami babake niko maelfu ya maili mbali, nimevaa koti la baridi chini ya jua, naambiwa nimemwondolea mwanangu radhi, na sina habari.

Sasa tuizungumze hiyo Fatiha, maana nimeambiwa ndiyo ushahidi.

Siku matokeo yake ya kidato cha nne yalipotoka mlinipigia alasiri. Wewe ulikuwapo, Mama. Kaka alikuwapo, Mjomba Twaha alikuwapo, na majirani wamejaa barazani. Simu mliiweka juu ya sinia ya vikombe vya kahawa ili wote wanisikie. Mimi nilikuwa ndani kabisa ya bohari, mashine za baridi zinanguruma juu ya kichwa changu. Nikasikia Kaka anapiga kelele, "Mbarak! Mtoto amepita! Amepita juu!" Nikalia machozi, na machozi mle ndani si kitu kizuri. Halafu Kaka akasema, "Haya, twasoma Fatiha." Nikavua glavu. Nikainua mikono katikati ya makasha ya kuku. Mlipomaliza nikaitikia "Amin" kwa sauti mpaka Mfilipino ninayepakua naye akageuka.

Nilidhani tunamshukuru Mungu kwa mtoto kufaulu. Baba gani, akisikia Fatiha inasomwa siku kama hiyo, atakatiza aulize ni ya nini?

Kumbe kabla ya kunipigia mlikuwa mmeshakaa, mmeshazungumza, mmeshaamua, na ile Fatiha ilikuwa ya kufunga neno, kama inavyosomwa posa ikikubaliwa. Mlimposea mwanangu ufamasia, na mimi babake nikaitikia bila ya kumjua bwana harusi. Na yeye mwenyewe alikuwa wapi? Jikoni, akiwapikia kahawa. Ameniambia alijua kozi atakayosoma pale alipotoka na vikombe vya mara ya pili, Mjomba Twaha akamwita Daktari.

Kisha Kaka akaenda naye kwenye duka la kompyuta, akakaa yeye kwenye kiti, na mtoto akasimama nyuma yake. Chaguo la kwanza ufamasia. La pili ufamasia, chuo kingine. Hata lile la mwisho lilikuwa la mambo ya dawa. Tangu hapo mtaa wetu mzima wa Kuze unamwita Daktari. Muuza kahawa anamwita Daktari. Katika harusi wanawake wazima wanampandishia buibui wamwonyeshe miguu iliyovimba, na mtoto alikuwa hajaujua hata mlango wa maabara.

Usiku ule ule wa Jumanne nilimpigia Kaka. Nakuandikia tulivyosemezana, asije akakuhadithia vingine.

"Kaka, Salma anasema nimemwondolea radhi."

"Ah, watoto hawa. Mimi nilimwambia utasikitika tu."

"Yuwalia, Kaka."

"Na alie. Machozi ya mwanafunzi hayo, yakikauka atasoma."

"Nani alimwuliza kama anaitaka kozi hiyo?"

"Mbarak, wewe ulisema Amin. Mjomba Twaha alikusikia, majirani walikusikia. Wataka kuwa mwanamume wa maneno mawili?"

"Amin yangu ilikuwa ya kufaulu kwake!"

"Fatiha haitolewi risiti ikaandikwa ni ya nini. Na wewe shule uliiacha kidato cha pili. Mambo ya vyuo vikuu wayajua wapi?"

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma, Mama, na sitalificha. Niliiacha shule? Nilitolewa! Baba alipofariki mlikaa barazani hapo hapo, Kaka akiwa ndiye msemaji, ikaamuliwa kwamba Mbarak atoke shule akajifunze kuchonga milango kwa yule fundi wa karibu na Ngome ya Yesu, kwa sababu watalii wanapita na kazi haitakatika. Nilichonga milango miwili. Wa kwanza ulipinda. Wa pili mwenyewe aliutazama, akamwambia fundi, "Huu uweke nyuma, usiwatishe wageni." Sikuwa na mkono wa kazi ile, na hakuna aliyeniuliza kama ninao. Sisemi kwamba nilijua ninachokitaka, labda nisingejua hata ningeulizwa. Lakini sikuulizwa. Na mtu aliyenitoa shule leo ananicheka kwa kutokuwa na shule.

Omari alikuwa amelala kitanda cha juu akisikiliza yote. Nilipokata simu akainamisha kichwa, akasema, "Bwana Mbarak, kuanzia leo ukisikia Fatiha uliza kwanza. Utakuja kuozeshwa huku hujui." Tulicheka, kwa sababu chumba cha watu wanane hakina mahali pa kulilia. Lakini sikulala.

Sasa nitasema neno, na Mwanaisha usiliruke. Kaka ana duka la dawa. Cheti kilichoning'inia pale ukutani si chake, ni cha bwana mmoja anayekuja mara moja kwa mwezi kujionyesha, na kila mwaka anamtisha Kaka kwamba ataondoka nacho. Kaka anataka cheti cha nyumbani. Anataka jina la Salma lining'inie pale badala ya la yule bwana. Si dhambi kukitaka kitu hicho. Angemwambia mtoto, "Mwanangu, nisaidie, duka letu linakuhitaji," huenda Salma angekubali, kwa kuwa ana huruma kuliko sisi sote. Lakini kulificha duka lake nyuma ya radhi zangu! Madrasa nilimaliza, Mama, hilo Kaka hawezi kunivua, na najua kwamba radhi za mzazi hazitoi mwingine wala haziondoi mwingine. Haziazimwi kama ngazi ya jirani.

Na alivyozitumia! Likizo iliyopita Salma alipokuja nyumbani, Kaka alimchukua jioni mpaka ufukweni Mama Ngina. Akamnunulia mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, akamnunulia na maji ya ukwaju, wakakaa ukutani wakitazama watu. Mtoto akadhani ami yake amelainika. Alikuwa amejiandaa kumweleza habari ya kubadili kozi. Kaka akamwacha amalize kula, kisha akamwambia polepole, wala hakugomba, "Babako yuko ugenini kwa ajili yako. Akilisikia hili na likamdhuru, utaishi nalo vipi?" Salma anasema tangu siku ile hajaigusa tena mihogo.

Labda wewe Mama umeambiwa kwamba mtoto ameshindwa na masomo, au amepotoshwa na marafiki wa Nairobi. Hajashindwa. Amefaulu mitihani yote ya mwaka wa kwanza. Aliniambia, "Baba, napita. Lakini kila nikitoka kwenye mtihani nauona ule unaokuja kama adhabu." Anazikariri zile dawa, akimaliza mtihani zinamtoka kichwani zote, na anaogopa siku moja atampa mtu dawa siyo.

Anachokitaka ni upimaji wa ardhi. Anayelala naye chumba kimoja ni binti wa Machakos anayesoma hiyo kozi. Jumamosi moja kundi lao lilipungukiwa na mtu, akamwomba Salma aende kuwashikia fimbo ya kupimia uwanjani. Alikwenda kushika fimbo, akarudi magharibi, amewachosha wote kwa maswali. Mwalimu wao alimwuliza, "Wewe ni wa idara gani?" Akasema ufamasia. Wakacheka wote. Mwalimu akamwambia, "Basi dawa yako iko huku." Tangu hapo anakwenda kila Jumamosi, bila ya alama wala cheti.

Shangazi, nasikia, amesema, "Mtoto wa kike wa Kuze azunguke maporini na chombo cha miguu mitatu, jua la utosi, wanaume wakimtazama!" Mwambieni Shangazi, kwa heshima zangu zote, kwamba mwaka jana alitaka akae nyuma ya kaunta ya duka kutwa kucha akiwauzia wanaume dawa za nguvu, na hilo hakuliona baya.

Yeye amefanya kila linalotakiwa, peke yake. Idara ya upimaji imezitazama alama zake za hesabu na fizikia, imemkubali. Idara ya ufamasia imekubali kumwachia, ingawa karani wa pale alimkemea, "Dada, watu wanalia kupata nafasi hii, wewe waitupa?" Ni kweli ataanza mwaka wa kwanza upya. Kaka anaulilia mwaka huo mmoja. Mimi nimekaa kwenye barafu mwaka wa tatu na sijamsikia akinililia. Chuo kile ni kikubwa mno, Mama, wanafunzi ni wengi kuliko watu wa mtaa wetu na mitaa yote ya jirani, na hakuna atakayemfuata mtoto mmoja kumkumbusha. Muda wa kubadili kozi unafungwa Ijumaa ijayo. Ukipita, atabaki kwenye ufamasia mpaka amalize, au aondoke chuoni kabisa. Na yeye, kwa sauti aliyoniongelea nayo, naogopa ataondoka.

Kimebaki kitu kimoja tu. Aende ofisini akaweke sahihi yake. Nilimwambia, "Salma, mimi ndiye babako. Radhi zangu hazijakutoka hata siku moja. Nenda kaweke sahihi."

Unajua alinijibu nini?

"Zako nimezipata, Baba, ahsante. Bado za Bibi."

Nikamwambia Bibi hana neno. Akasema, "Bibi hapokei simu yangu tangu nimwambie."

Mama. Nimeisoma mara nyingi sentensi hiyo baada ya kuiandika, nikitafuta namna ya kuilainisha. Sikuipata. Nakuheshimu, na nikija nitakubusu mikono kama kawaida, lakini nimekasirika, na sitaki uambiwe na mtu mwingine kwamba sikukasirika. Mtoto uliyemwogesha, uliyemsuka nywele, uliyemfundisha kusoma Yasini kwa kidole, anapiga simu, nawe unaitazama inalia. Kwa sababu Kaka amekwambia ndivyo atakavyoelimika? Au kwa sababu majirani watauliza Daktari amekuwaje?

Hebu kumbuka mwaka ule Bi Rukiya alipojenga ukuta ukaingia kwenye ua wetu. Mligombana mpaka mkaacha kuletana futari. Akaitwa mpimaji. Kaka alisema ni kupoteza wakati, wazee watatue. Wewe ndiye uliyekataa, ulisema wazee wote ni jamaa za Bi Rukiya. Yule mpimaji alikuja na utepe wake, na Salma, meno ya mbele hana, akaomba amshikie ncha. Aliishika asubuhi nzima. Ulimwita chakula hakuja, ulimpelekea sambusa akala kwa mkono mmoja ili utepe usilegee. Na mpimaji alipoonyesha mpaka ulipo, ua wako ukarudi, ulicheka, ukasema mbele yetu sote, "Mjukuu wangu ndiye aliyenirudishia ua wangu." Mimi nilikuwapo, nimeketi kizingitini. Hakuna aliyekulazimisha useme hivyo. Leo anataka kuifanya kazi hiyo hiyo kwa kujifunza, unaona aibu gani?

Nakuomba jambo moja. Ukimaliza kusomewa barua hii, Omari atakuwa bado amekaa hapo akinywa chai, maana nimemwagiza asiondoke. Chukua simu yako. Kama iko dukani kwa Kaka inachajiwa, tumia ya Omari, namba ya Salma anayo. Mpigie. Usimpe mtu mwingine azungumze naye. Kama una radhi naye, mwambie, na kama huna radhi naye, mwambie hivyo pia kwa ulimi wako wewe, na sababu yake ajue. Lakini asiachwe anangojea simu mpaka Ijumaa ipite.

Kaka Athmani, najua utasikia yaliyomo hata kama hukuisoma. Sikuvunjii heshima. Wewe ni mkubwa wangu na ulitulisha Baba alipofariki, sijasahau. Lakini siku nyingine ukitaka neno langu, niulize neno lenyewe, nami nitakujibu. Mwanangu asije akaambiwa tena kwamba nimesema nisilolisema.

Nisalimie dadangu Mwanaisha, ambaye najua amesoma mpaka hapa bila kukohoa. Nisalimie shemeji yangu, mumewe, na mapacha wao. Nisalimie Mjomba Twaha, mwambie simlaumu, yeye aliitikia tu kama mimi. Shangazi mpe salamu zangu, na umwambie hasira zangu si nyingi kwake. Mwalimu wangu wa madrasa mshike mkono kwa niaba yangu. Na Bi Rukiya jirani, baada ya miaka yote hii, naye pia.

Mkataba wangu unaisha mwanzo wa Disemba na msimamizi wetu ameshakubali niondoke, hata pasipoti ameahidi kunirudishia mapema. Nilikuwa nimepanga kushuka Mombasa moja kwa moja nije kwako kabla ya mtu yeyote, kama mtoto anavyotakiwa. Nimebadili. Nitashuka Nairobi. Nitakwenda chuoni, nitamtafuta Salma popote atakapokuwa, maabara au uwanjani, au, kama ameshaondoka chuoni, mahali ambapo hata sitaki kupaandika, na nitakaa naye nimwulize mwenyewe habari za masomo yake, maana sijasikia mtu mwingine aliyemwuliza. Muhula ukifungwa tutapanda treni sote wawili tuje Kuze. Mtungojee katikati ya Disemba, inshallah. Nitakuja kwako nikiwa na furaha au bila furaha, lakini sitakuja bila yeye.

Mwanao akupendaye,

Mbarak